Nyuklia na sisi wa Arusha na Moshi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Tangu Julai 2025, Rais Samia Suluhu Hassan alipozindua mtambo wa majaribio wa kuchakata urani, madini yanayotengenezewa fueli ya nyuklia, kule Namtumbo, habari za nyuklia zimehamia kwenye daladala za Njiro na vijiwe vya kahawa vya Moshi. Maswali ni yaleyale, na majibu yanayosambazwa kwenye simu ama yanatisha kupita kiasi ama yanasifia kupita kiasi. Tumekusanya hapa yale yanayorudi zaidi. Msimamo wetu tunauweka wazi mapema: kama mtambo wa nyuklia utawafaa majirani zake au utawaumiza, sehemu kubwa ya jambo hilo huamuliwa miaka mingi kabla ya zege la kwanza kumwagwa. Ndiyo maana tunaona maswali haya yana wakati wake, nao ni sasa.

Ni kweli Njiro kuna mtambo wa nyuklia?

Hapana. Kilichopo Njiro ni ofisi na maabara za Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, TAEC. Hakuna kinu cha nyuklia pale, yaani ile sehemu ya mtambo ambamo atomu hupasuliwa, wala hakuna umeme unaozalishwa. Tume hiyo iko kwa Sheria ya Nguvu za Atomiki Na. 7 ya 2003, na ilichukua kazi za iliyokuwa Tume ya Taifa ya Mionzi, iliyotokana na sheria ya 1983. Nchi yenyewe ni mwanachama wa Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki (IAEA) tangu 1976, kwa hiyo hili si jambo la jana.

Kazi yao kubwa ni kupima na kudhibiti. Mashine ya eksirei ya hospitali yoyote, ya umma au ya binafsi, inatakiwa iwe na kibali chao. Mhudumu wa chumba cha eksirei huvaa kifaa kidogo kifuani kinachorekodi mionzi anayopata, na vifaa hivyo hupelekwa maabara kusomwa. Wanapima pia minara ya simu, kila wakazi wa mtaa wanapolalamika kwamba mnara umesimikwa juu ya vichwa vyao.

Wafanyabiashara wa mazao wanawajua kwa sababu nyingine: cheti cha mionzi. Ukivusha mzigo wa mahindi, maharage au kahawa kwenda nje, karatasi hiyo unaijua, na pengine umeshailaani ukiwa kwenye foleni. Upimaji wa namna hii ulishika kasi duniani baada ya ajali ya mtambo wa nyuklia wa Chernobyl, Ukraine, ya 1986, pale mionzi ilipopatikana kwenye maziwa na mboga katika nchi zilizokuwa mbali kabisa na mtambo. Gharama na ucheleweshaji vinaweza kujadiliwa, na vijadiliwe. Ila sababu ya kupima ipo.

Basi mtambo wa karibu nasi uko wapi?

Afrika nzima unaozalisha umeme ni mmoja: Koeberg, Afrika Kusini, kiasi cha kilomita 30 kaskazini mwa Cape Town. Una vinu viwili, ulianza kazi 1984 na 1985, na uwezo wake ni megawati 1,860 hivi. Misri inajenga El Dabaa, vinu vinne vyenye jumla ya megawati 4,800, kazi iliyoanza Julai 2022. Kenya na Uganda bado ziko kwenye mipango. Kinu cha utafiti, kisichozalisha umeme, ni habari nyingine: Kinshasa walikipata 1959, wakati wa ukoloni wa Wabelgiji, kabla ya nchi nyingi za bara hili hata kupata bendera.

Kinachotoa umeme ni nini hasa?

Joto. Viini vya atomu za urani hupasuliwa, vinatoa joto, joto linachemsha maji, mvuke unazungusha turbaini, turbaini inazungusha jenereta. Kuanzia kwenye mvuke kwenda mbele, hakuna tofauti kubwa na mtambo wa makaa ya mawe. Tofauti iko kwenye kiasi cha fueli: kidonge kimoja cha urani, kidogo kama ncha ya kidole, kinatoa nishati inayokaribia ya tani moja ya makaa.

Urani si yetu? Kwa nini isiwashe taa zetu?

Swali hili ndilo linaloulizwa kwa hasira zaidi, na hasira yenyewe inaeleweka. Urani ya Mto Mkuju, wilayani Namtumbo, ni yetu. Lakini kinachotoka mgodini baada ya kuchakatwa ni unga unaoitwa keki ya njano, na unga huo hauingii kwenye kinu ukiwa hivyo. Katika urani ya asili, ile aina inayopasuka kirahisi ni asilimia 0.7 tu. Vinu vingi vinataka asilimia 3 hadi 5. Kuipandisha kunahitaji viwanda ambavyo nchi chache mno zinavyo, tena vinalindwa na kukaguliwa kwa sababu viwanda hivyohivyo ndivyo vinavyoweza kuendelea mpaka kiwango cha bomu. Baada ya hapo kuna kiwanda cha kutengeneza fueli yenyewe.

Kwa hiyo kuwa na mgodi na kuwa na mtambo ni mambo mawili, na moja halileti lingine. Ufaransa inapata kama theluthi mbili ya umeme wake kwenye nyuklia, na migodi yake ya urani ilishafungwa. Namibia inachimba urani kwa miongo mingi na haina mtambo hata mmoja. Kwa sasa, cha kufuatilia Namtumbo ni mrabaha (malipo ya mgodi kwa serikali), ajira, maji ya mto na jinsi mabaki ya uchimbaji yatakavyohifadhiwa. Eneo la mgodi lilimegwa kutoka Pori la Akiba la Selous baada ya Kamati ya Urithi wa Dunia kuridhia mabadiliko ya mipaka mwaka 2012, na ubishi juu ya uamuzi huo haujaisha.

Umeme wa huku kaskazini unasumbua. Nyuklia ingetuponya?

Sidhani, angalau kwa sasa. Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji lina mitambo tisa ya megawati 235 kila mmoja, jumla 2,115. Uwezo huo peke yake unalingana na mahitaji ya juu ya nchi nzima, ambayo yamekuwa yakikaribia megawati 2,000. Hata hivyo taa za Ngarenaro na Majengo zinazimika. Kinachotukwamisha ni safari: umeme unazalishwa mbali kusini mashariki, unapotea njiani, kisha unafika kwenye transfoma zilizozidiwa na nguzo zilizochoka.

Ndiyo sababu Machi 2025, akiwa ziarani Kilimanjaro, Rais alizungumzia mpango wa kununua umeme kutoka Ethiopia kupitia Kenya kwa ajili ya kanda yetu. Watu walipiga kelele mitandaoni: tumejenga bwawa kubwa halafu tunanunua kwa jirani? Ukitazama ramani, hoja ya serikali haikuwa ya ajabu. Laini ya kilovolti 400 inayotuunganisha na Kenya inapita Namanga na kuja Arusha, kisha Singida. Chanzo kilicho upande wa pili wa mpaka kinaweza kuwa cha manufaa kwetu kuliko kilicho Rufiji.

Sasa weka kinu cha nyuklia kwenye picha hiyo. Vinu vya kawaida ni vya megawati 1,000 na zaidi. Wahandisi wa gridi wana kanuni ya kutokuwa na mtambo mmoja unaozidi kama sehemu moja ya kumi ya gridi, kwa sababu ukizimika ghafla utaangusha na mingine. Kwetu kinu kimoja cha ukubwa huo kingekuwa nusu ya mahitaji yote. Kikizimika saa moja usiku, nchi nzima iko gizani.

Kuna vinu vidogo vinavyosifiwa sana siku hizi. Vipo vinavyofanya kazi kweli, ila vinahesabika: Urusi ina mtambo unaoelea baharini kule Pevek, wenye vinu viwili vya megawati 35, ulioanza kutoa umeme wa biashara mwaka 2020, na China ina mmoja wa aina yake kule Shidaowan, wa 2023. Mengine mengi bado ni michoro na vipeperushi.

Je, unaweza kujengwa huku kwetu?

Wanaochagua eneo huanza na maji na ardhi, na sisi tuna mashaka kwa yote mawili.

Maji: mtambo unahitaji kupozwa saa zote, hata ukiwa umezimwa. Mingi iko kando ya bahari, ziwa au mto mkubwa. Bonde la Pangani tayari lina ugomvi wake, kati ya wakulima wa mifereji, mashamba ya miwa ya TPC, miji inayokua na mabwawa ya umeme kuanzia Nyumba ya Mungu hadi Pangani. Kuna mtambo mmoja maarufu, Palo Verde, kwenye jangwa la Arizona huko Marekani, unaopozwa kwa maji taka yaliyosafishwa. Lakini hayo ni maji taka ya miji mikubwa, na ni mengi kuliko tunayoweza kuyakusanya sisi.

Ardhi: tumekaa kwenye Bonde la Ufa. Wenye kumbukumbu hawajasahau Julai 2007, matetemeko yaliyokuja mfululizo kutoka upande wa mlima Gelai karibu na Ziwa Natron, kubwa lao likiwa na ukubwa wa 5.9. Wiki chache baadaye Ol Doinyo Lengai ikaanza kulipuka. Meru wenyewe, unaouona ukifungua dirisha, ulitoa majivu mara ya mwisho mwaka 1910, na kwa wanajiolojia hiyo ni juzi. Mtambo unaweza kujengwa ustahimili mtetemeko. Japani imejaa mitambo ya namna hiyo. Ila gharama inapanda, na sioni kwa nini nchi yenye pwani ndefu ianzie hapa.

Mji unaopokea mtambo unafaidika nini?

Mfano unaotufaa sana haupo Ulaya. Upo Bangladesh, kwenye mji mdogo wa Ishwardi, kando ya mto Padma, ambako Urusi inajenga mtambo wa Rooppur. Wazo lake lilianza 1961, ardhi ikatwaliwa miaka hiyo ya 60, kisha ukimya. Zege la kinu cha kwanza lilimwagwa Novemba 2017. Fikiria familia iliyotolewa shambani kwa ajili ya mradi, ikafa kizazi kimoja kabla ya kuona hata tofali.

Ujenzi ulipoanza, mji ulibadilika. Maelfu ya Warusi walikuja na familia zao. Maduka ya sokoni yakaandika mabango kwa Kirusi, wauza matunda wakajifunza kuhesabu na kupatana bei kwa Kirusi, nyumba za kupanga na migahawa vikaota kila kona. Anayekumbuka Arusha ya miaka ya mahakama ya kimbari ya Rwanda, 1995 hadi 2015, anajua hali hiyo: kodi za nyumba zinapanda, madereva na wapishi wanapata kazi, halafu siku moja wageni wanafunga virago. Mtambo unaacha ajira za kudumu zaidi kuliko mahakama, kwa miaka 60 au zaidi, lakini ni chache kuliko za wakati wa ujenzi, na nyingi zinataka vyeti.

Na palipo na fedha nyingi hapakosi mikono mirefu. Mwaka 2019 Bangladesh nzima ilicheka na kukasirika ilipobainika kwamba mito ya kulalia ya nyumba za wafanyakazi wa Rooppur ilinunuliwa kwa bei ya kuruka, na gharama ya kuipandisha ghorofani ikaandikwa kando. Mradi ni wa dola bilioni 12.65, asilimia 90 mkopo kutoka Urusi. Mito ni kitu kidogo hapo, ndiyo maana kila mtu aliielewa.

Wengine wameweka faida kwenye sheria. Japani ilitunga sheria tatu mwaka 1974 zinazopeleka ruzuku kwa miji inayopokea mitambo ya umeme: shule, kumbi, viwanja vya michezo. Fedha hiyo ilijenga kweli. Ilifanya pia miji mingine ishindwe kuishi bila mtambo mwingine, na ikawa vigumu kwa diwani yeyote kusema hapana.

Mwananchi wa kawaida ana sauti gani?

Kenya imetupa somo la karibu. Serikali yao ilipendekeza mtambo wa nyuklia ujengwe Uyombo, kijiji cha wavuvi Kilifi, karibu na Watamu na msitu wa Arabuko-Sokoke. Wakazi walikataa. Walitaka kujua samaki wataathirikaje na maji ya moto yanayorudishwa baharini, na watahamishiwa wapi. Mei 2024 maandamano yalikutana na polisi. Mwaka 2025 mazungumzo yakahamia Siaya, kando ya Ziwa Victoria. Waliokuwa wanapanga walijua mengi kuhusu vinu. Imani ya watu wa Uyombo hawakuwa nayo, na hicho ndicho kilichoamua.

Austria walikwenda mbali zaidi: walimaliza kujenga mtambo wa Zwentendorf, kisha Novemba 1978 wakapiga kura ya maoni. Waliokataa walikuwa asilimia 50 na nukta. Mtambo haukuwashwa hata siku moja.

Kwetu, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inataka mradi mkubwa ufanyiwe tathmini ya athari kwa mazingira, na wananchi washirikishwe. Sheria za ardhi za 1999 zinataka fidia iliyo kamili, ya haki na ya haraka. Kijijini, mkutano mkuu wa kijiji ndio mahali pa kusemea, na kilichosemwa kiandikwe kwenye muhtasari. Maneno yaliyobaki hewani hayana kazi mahakamani. Muulize mwenyekiti na diwani: maji mnachukua wapi na kiasi gani? Taka zitakaa wapi? Nani atalipa kuubomoa mtambo ukizeeka? Vijana wetu wataanza kufundishwa mwaka gani? Kama jibu la hilo la mwisho ni "baada ya ujenzi kuanza", wameshachelewa.

Ufaransa kila mtambo una kamati ya wananchi, madiwani na vyama vya mazingira inayopewa taarifa, na tangu 2006 ni lazima kisheria. Koeberg nao wana jukwaa la namna hiyo. Hili hata mgodi wetu wowote ungeweza kuliiga kesho, bila kusubiri nyuklia.

Ukilipuka je?

Kwanza, mtambo wa umeme haulipuki kama bomu la atomiki. Fueli yake haina kiwango hicho. Kinachotokea kwenye ajali mbaya ni fueli kuyeyuka kwa kukosa kupozwa na mionzi kutoka nje. Chernobyl, 1986, mji wa Pripyat wenye watu karibu 49,000 ulihamishwa siku iliyofuata, watoto wakiwa wameshacheza nje Jumamosi nzima. Fukushima, Japani, Machi 2011, watu kiasi cha 160,000 waliondoka makwao. Huko kuna jambo linalosahaulika: zaidi ya watu 2,000 wa mkoa huo walikufa kutokana na kuhamishwa kwenyewe na maisha ya ukimbizini, wengi wao wazee na wagonjwa waliotolewa vitandani bila maandalizi.

Kwa hiyo mpango wa dharura ni sehemu ya mtambo kama kinu kilivyo. Koeberg imezungukwa na eneo la kilomita 5 na jingine la kilomita 16, ving'ora vinajaribiwa, na kaya zilizo ndani hupewa maelekezo ya nini cha kufanya. Ukiambiwa mtambo unakuja, omba kuona mpango huo kabla ya kuona picha za rangi.

Na usidhani mpaka ni ukuta. Uyombo hadi Moshi ni kiasi cha kilomita 300 kwa mstari ulionyooka. Uamuzi wa jirani ni habari yetu pia.

Mionzi ipo huku hata bila mtambo?

Ipo, na imekuwepo daima: kwenye miamba, angani, hata kwenye mtori, kwa sababu ndizi zina potasiamu na sehemu ndogo ya potasiamu hutoa mionzi. Kula tu. Wastani wa dunia kwa mtu ni milisivati 2.4 kwa mwaka kutoka vyanzo vya asili; milisivati ni kipimo cha mionzi anayopata mtu. Picha ya kifua ya eksirei ni kama 0.1 au chini ya hapo. Kipimo cha CT, kinachopiga picha nyingi za eksirei kwa mpigo, kinaweza kufika mara makumi ya hiyo, kwa hiyo usikiombe kwa kujifurahisha.

Sehemu ya kuangaliwa kwa makini ni Minjingu, upande wa Manyara, barabara ya kwenda Babati. Mwamba wake wa fosfeti, unaotengenezewa mbolea, una urani nyingi kuliko udongo wa kawaida, na vipimo vya wanasayansi wetu vimeonyesha mionzi ya eneo hilo iko juu ya wastani. Mkulima anayenyunyiza mfuko wa mbolea shambani hana sababu ya kukimbia. Anayefanya kazi kwenye vumbi la mgodi kila siku, au anayetaka kujengea nyumba mawe yale, anastahili kinga na ushauri.

Nyuklia imewahi kutufanyia jema lolote?

Waulize wafugaji wa Unguja. Mbung'o waliokuwa wakieneza nagana, ugonjwa wa mifugo, walimalizwa kisiwani kwa mionzi: madume yalifugwa Tanga, yakapigwa mionzi yakawa tasa, yakamwagwa kwa ndege kwa maelfu. Majike yakapandwa bila kuzaa. Mbung'o wa mwisho wa porini alinaswa 1996. Hospitalini, mionzi ni moja ya tiba za saratani. Wagonjwa wengi wa kanda hii wameijua barabara ya kwenda Ocean Road, Dar es Salaam, kwa sababu hiyo.

Taka zake huwekwa wapi?

Zile zenye mionzi midogo za Koeberg, kama glavu na vichujio, huzikwa Vaalputs, jangwani. Fueli iliyotumika, iliyo hatari kwa maelfu ya miaka, bado imekaa palepale mtamboni, kama ilivyo karibu duniani kote. Finland wamechimba shimo la zaidi ya mita 400 kwenye mwamba kwa ajili hiyo.

Mwanangu anaipenda fizikia. Asome wapi?

Fizikia na hisabati zisimponyoke sekondari. Baadaye kuna Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na Taasisi ya Nelson Mandela pale Tengeru kwa shahada za juu. Asiyependa darasa asikate tamaa: mitambo hii hujengwa na wachomeleaji na mafundi bomba wenye viwango vya juu sana, na VETA ni pa kuanzia.

Nanunua chuma chakavu. Nimeona kopo zito la risasi lenye alama ya feni ya mapanga matatu. Nifanyeje?

Hiyo ni alama ya mionzi. Usilifungue, usilipime mzani, usilipakie kwenye pikipiki. Mwaka 1987 kule Goiânia, Brazil, waokota vyuma walifungua mashine ya zamani ya hospitali iliyotelekezwa. Ndani mlikuwa na unga uliong'aa bluu gizani. Wakagawiana na ndugu, watoto wakajipaka. Wanne walikufa na watu 249 wakakutwa na mionzi mwilini au kwenye ngozi.

Sogea mbali nalo, zuia watoto na mifugo, kumbuka nani alilileta na nani alilishika, kisha toa taarifa polisi na TAEC. Walioligusa wanawe mikono, wavue nguo walizovaa na kuziweka kwenye mfuko mmoja, wasile chochote mpaka wapimwe. Aliyekuuzia usimrudishie.